Mvua ya Moto Pembezoni mwa Jua

Shangazi alizoea kuwaambia majirani kwamba binti wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe, analipwa kutazama jua. "Na sisi tunaoliota bure je?" alikuwa akiuliza, nao wakicheka mpaka wavunjike mbavu. Mchana ule alitoka kwa fundi cherehani, akaona apitie kazini kwa binti waongozane nyumbani.

Binti alimvutia kiti mbele ya skrini. Jua lilikuwa pale, limeletwa na setilaiti, na doa jeusi pembeni. Chini yake ulijichora mstari wa kupima eksirei, mionzi mikali itokayo juani. Ghafla mstari ukasimama wima.

"Shangazi, tazama hapo pembeni. Usipepese macho!"

Juu ya doa, nguvu za sumaku zilizokuwa zimejisokota zilikatika na kuungana upya. Hizo hazionekani. Kilichoonekana ni miali miwili iliyowaka chini, pale chembe zilizorushwa kutoka juu zilipogonga uso wa jua.

"Nguvu imefika chini," binti alisema. "Sasa gesi ya huko chini imechemka, haina pa kukaa. Itapanda."

Ikapanda. Ilijaza tao moja la sumaku, likang'aa, kisha jingine, mpaka yakajipanga kama mbavu za mnyama.

"Hayo matao yana ukubwa gani?"

"Dunia yetu ingepita chini yake, na nyingine kando yake."

Binti alishika simu, akawapigia waongozaji ndege, maana mlipuko kama huo huzima redio.

"Redio za masafa marefu zimekufa," alijibiwa. "Kuna rubani yuko katikati ya bahari hatumsikii."

"Ni jua. Mtafuteni kwa simu ya setilaiti."

Alingoja, simu sikioni. Mwishowe sauti ikarudi: "Tumempata. Hajambo."

Alipogeuka, matao yalikuwa yakififia, na matone yanayowaka yakiteremka kufuata mikunjo yake.

"Hiyo mvua?" Shangazi alinong'ona.

"Mvua ya moto. Ile gesi imepoa, inarudi ilikotoka."

Binti alikuwa ameandika kurasa chungu nzima kuhusu mvua hiyo, akapewa na shahada. Ila hapo aliweka simu chini, akaitazama tu. Shangazi alimshika mkono.

"Tuondoke?" binti aliuliza baadaye.

"Twende wapi, nawe? Hebu sogeza kiti changu karibu."