Mitungi ya Bi Mwanamkuu

Kabla ya alfajiri mitungi ya Bi Mwanamkuu ilianza kuguna jikoni, na Mwamini akaamka kuisikiliza.

Hivyo ndivyo alivyojifunza usuluhishi, hapo Kisarawe, mwaka 1934. Shangazi yake, Bi Mwanamkuu, alipatanisha watu miaka arobaini. Kila ugomvi ulipokwisha aliutia mtungini, sauti zote pamoja na vikohozi, akafunika kwa kawa. Alipofariki aliwaachia mitungi hiyo wanaojifunza. Didas, mzee wa kanisa, aliwahi kuazima mtungi wa ugomvi wa mahari. Aliurudisha ameuosha nje tu, ndani hakugusa, sauti zisifutike. Mwamini hakuusahau wema huo.

Katika mitungi hiyo, yeye alipenda kusikiliza pale shangazi aliponyamaza.

Siku hiyo alikuwa na shauri lake la kwanza. Kibwana na mdogo wake Maneno walikuwa hawajasalimiana miaka mitatu kwa ajili ya mpaka wa shamba la muhogo waliloachiwa na baba yao, marehemu Mwishehe. Maneno alikuwa ameshafunga mizigo kuhamia Magindu na wanawe. Wasipopatana leo, kesho anaondoka moja kwa moja.

Mwamini alijitwika mtungi wenye ugomvi wa Mwishehe na jirani yake, akaenda uani kwa Kibwana. Ndugu wale walikuwa wamekaa wamepeana migongo.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wewe binti ndiye utakayetusuluhisha sisi?" Kibwana akauliza.

"Mimi sisemi, kaka. Atasema baba yenu."

Akafunua kawa.

"Shamba langu linaanzia kwenye mfenesi, linakwenda hadi kijitoni!" Mwishehe alifoka kutoka mtungini.

"Mwishehe, punguza sauti," alijibu Bi Mwanamkuu. "Kijito kimeshakusikia. Na mkeo amesikia, anajuta kuolewa."

Kibwana alicheka bila kutaka. Maneno akacheka naye, kisha akageuka.

"Hadi kijitoni?"

Mwamini alitaka kujibu. Akanyamaza.

Kijito sasa kilikuwa mbali bondeni, katikati ya shamba kubwa la mkonge. Mawe meupe ya mpaka wa mkonge yaliwekwa mwaka aliokufa Mwishehe, na hakuna aliyeulizwa. Ndugu wale walikuwa wakigombea hatua kumi za kipande kilichosalia.

"Mwenye mkonge naye ana mtungi?" Kibwana akauliza.

"Hana. Shangazi alimwita mara tatu. Hakuja kukaa."

Wakakubaliana kulima pamoja, bila mpaka. Mke wa Kibwana akaleta uji, bakuli la Maneno akalijaza zaidi. Kule bondeni wafanyakazi waliendelea kukata mkonge.

Maneno alipoaga, alisema anakwenda kufungua mizigo. Kaka yake akamsindikiza hadi njiani.

"Kesho pitia tena, mdogo wangu," Kibwana alisema. "Uje na watoto. Yule wa mwisho sijamjua hata jina."