Zamu ya Nyamizi

Jumapili alasiri, kahawa ikimiminwa nyumbani kwa Daktari Leberecht Stoll mjini Stuttgart, mwanamke asiye na kichwa alipanda ngazi akabisha hodi. Adelheid, mke wa daktari, alimfungulia na kumwonyesha pa kufutia miguu.

“Nimefuata kichwa changu,” ilisema sauti kutoka chumba cha kazi. Kichwa kilikuwa humo, ndani ya kabati la kioo. Kwa miaka kiliyokaa pale, Kijerumani kilikuwa kimekikolea, tena kile cha mtaani.

Daktari alikuwa mtu mwema, mtaa mzima ungekuambia. Maskini aliwatibu bure. Ila alisomea pia elimu ya binadamu, na kwa ajili hiyo alipima mafuvu aliyoletewa na maafisa kutoka koloni. Yalivyopatikana hakuuliza.

“Jina lako nani, mama?”

“Nyamizi, wa Unyamwezi. Wanangu wamenizika nusu. Kaburi wameliacha wazi, wananingoja.”

“Pole sana,” alisema daktari, na pole yake ilikuwa ya kweli. “Lakini vipimo sijamaliza.”

Basi Nyamizi akawa anakuja kila Jumapili. Alikatiwa keki ya tufaha kama wengine, na Adelheid aliila baadaye, maana kutupa keki ni dhambi. Aliyelalamika ni Bibi Kächele wa ghorofa ya chini.

“Anapanda na kushuka na udongo wake mwekundu, kufagia hafagii! Hata mjane wa hakimu anashika zamu ya ngazi, yeye nani?”

“Mimi mgeni tu,” kilisema kichwa.

“Mgeni wa kila Jumapili? Usinichekeshe!”

Adelheid alimvuta Nyamizi pembeni. “Fagia tu, mama. Humu asiyefagia hasikilizwi. Shika zamu, halafu udai chako mbele ya nyumba nzima.”

Kibao cha zamu, kinachohama mlango hadi mlango kila wiki, kikatundikwa kwenye kitasa cha kabati. Nyamizi alifagia wiki nzima, pembe kwa pembe, akapiga deki. Bibi Kächele alipitisha kidole chini ya mkono wa ngazi, kikatoka safi.

Jumamosi wapangaji walikusanyika ngazini. Kabati liliachwa wazi ili kichwa kisikike.

“Zamu nimeshika,” kilisema. “Sasa nipeni kichwa changu niende kwetu.”

Walitazamana. Bibi Kächele ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole.

“Kwenu wapi tena, jirani? Mwenye zamu ni mwenyeji. Kichwa chako kiko nyumbani.”

Wote waliona amesema kweli. Walimpa Nyamizi mkono, mmoja mmoja, wakamkaribisha rasmi. Adelheid alitazama viatu vyake. Daktari alishusha pumzi, na ilikuwa aibu kumwona alivyofurahi.

Jioni ile alinawa mikono, akakitoa kichwa kabatini, akakiweka mezani. Nyamizi alisimama mlangoni, ufagio mkononi.

“Tulia kidogo, jirani,” daktari alimwambia, akaendelea kupima.