Hongera kwa Kutapika

Torill alitapika supu ya samaki, akatapika na maji aliyonywea dawa, na simu ikampongeza: "Hongera! Uzito unashuka vizuri."

Baada ya kupasuliwa kupunguzwa tumbo, hospitali ilimpa programu ya simu badala ya muuguzi. Swali lolote, walimwambia, andika humo. Akaandika kwamba chakula hakikai. Akajibiwa atafune polepole. Miguu ilipoanza kufa ganzi akaandika hilo pia, akaletewa picha ya nyota ya pongezi.

Asubuhi moja dada yake, Ragnhild, alimkuta ameanguka mlangoni mwa bafu.

"Hospitali umewaambia?"

"Mpaka vidole vimechoka."

"Umemwambia nani, mdogo wangu? Mtu gani?"

Torill hakuwa na jina la kutaja. Ragnhild alimkokota hadi kwenye gari, akaendesha kwenye theluji huku akitukana njia nzima.

Hospitalini, daktari Eivind alimgonga magoti kwa kinyundo. Miguu haikushtuka. Akaagiza dripu ya vitamini pale pale, kisha akasema, "Kutapika kumekumalizia vitamini, ndiyo maana miguu imekufa ganzi. Ungetupigia mapema."

"Nipige wapi? Namba mmeifuta! Nimeandika kila siku. Nani alikuwa anasoma?"

Daktari akamgeukia muuguzi, Solfrid. Solfrid akainamisha macho. "Mashine ndiyo inajibu. Sisi tunaletewa wale tu wasiopungua uzito. Wewe ulikuwa unapungua, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nife vizuri!" Torill alifoka. "Nilipokuwa mnene, kila mtu humu alikuwa na nafasi ya kunisema. Nimekonda, hata wa kunisikiliza hakuna!"



Dripu ikiwa bado mkononi, Torill aliwapigia wenzake waliopasuliwa msimu ule. Sverre, fundi wa meli, naye alikuwa hatulizi kitu tumboni, na simu yake ilikuwa ikimsifu vilevile. Mkewe akamleta siku hiyohiyo. Kesho yake wagonjwa walijaa kwenye korido ya kliniki, Ragnhild mbele yao, wakagoma kuondoka mpaka wapewe mtu wa kuzungumza naye. Mkuu wa kliniki alijaribu kuwatuliza kwa kahawa. Ragnhild akamwambia ainywe mwenyewe. Kufika jioni, Solfrid alikuwa amepewa simu na kazi ya kuipokea.

Torill alirudi kutembea, ingawa vidole vya mguu wa kushoto havijui baridi wala moto. Siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Eivind alikuja kumwomba radhi. Torill alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa koti, akaondoka bila kumpa mkono.