Watu Watano Tunaojuana

Chuoni walimwita Asilimia. Alikuwa mwaka wa tatu wa takwimu, na wingu likitanda tu alikuwa ameshakuambia uwezekano wa mvua kabla hujafika dirishani. Ugonjwa ulipoingia nchini, akawa mtu wa kusikilizwa. Wenzake wa bwenini walimfuata, barakoa zikining'inia kidevuni, wamwulize kama wafungashe au wabaki.

Chuo kilipotangaza likizo ya wiki tatu, wengi walitoweka siku hiyo hiyo. Yeye alimpigia mama yake.

"Mama, mara hii siji. Basi la huko linabeba watu sitini, safari ya saa tisa, madirisha yamefungwa. Nikikuletea maradhi, na hiyo pumu yako, nitajisamehe vipi?"

Mama yake alikuwa mjane, fundi cherehani, akiishi na mdogo wake wa kike katika nyumba ya vyumba viwili.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Bora nikukumbuke ukiwa mzima."

Tangu hapo kila mteja aliyekuja kushonesha barakoa alisimuliwa habari za binti mwenye akili, aliyejinyima kwao ili mama yake apumue.

Siku ya pili ya likizo, mwenzake wa chumbani aliingia akicheka. "Kesho tunakwenda ziwani, siku nne. Gari la kaka yangu. Tuko wanne, tunatafuta wa tano. Hoteli zimebaki tupu, watatupokea kama wafalme."

"Na ugonjwa?"

"Ugonjwa wa nani? Sisi tunajuana. Yupi kati yetu anaumwa?"

Asilimia hakuuliza kila mmoja alishinda na nani juzi. Kwenye basi alikuwa amehesabu abiria, saa na madirisha. Kwenye gari hili hakuhesabu kitu. Nyuso alizozizoea zilimtosha. Barakoa walizivua kabla hawajatoka mjini, maana waliona tabu kuimba nazo.

Huko ziwani hakuna baya lililowapata. Waliogelea, wakapokezana glasi, wakalala watano chumba kimoja, na hakuna aliyepiga hata chafya. Mwenzake wa chumbani aliwapiga picha wakiwa wamekumbatiana majini, akaisambaza kwenye makundi ya simu.

Siku ya tatu huko ziwani Asilimia alimpigia mama yake, amejibanza nyuma ya hoteli ili makelele yasisikike.

"Nasikia upepo," mama akasema.

"Niko uwanjani hapa chuoni, nanyoosha miguu."

"Vizuri. Jichunge, mwanangu."

Sauti ya mama ilikuwa ya chini, ya mtu anayejikaza. Asilimia alidhani ni uchovu wa kazi. Alirudi majini.

Ilipita miezi miwili, hofu ikapungua, naye akapanda basi akiwa amevaa barakoa mbili. Mlango ulifunguliwa na mama mdogo. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia mapajani, kifundo kimepinda upande, vidole havikunjiki. Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani, juu yake vyombo vimepangwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Aliteleza bafuni, wiki ile ya kwanza ya likizo yako," mama mdogo alimjibia. "Hospitali ilikuwa imejaa wagonjwa wa kukohoa. Tulirudishwa mara mbili, mfupa ukajiungia ovyo. Nilitaka kukupigia, akanikataza mpaka akaniapisha."

"Kwa nini?"

"Ungepanda basi," mama akasema. "Ungesikia tu nimeanguka, usingengoja kesho. Na ndani ya basi ungeukuta ugonjwa. Nikaona heri uende mkono."

Asilimia alipiga magoti akaangua kilio. Mama alimwacha alie. Alipotulia, akamwambia bila kupandisha sauti, "Ile picha niliiona. Mteja wangu mmoja ana mtoto chuoni kwenu. Alinionyesha akidhani nitafurahi."

"Mama, tulikuwa watano tu. Tunajuana."

"Na mimi hunijui?"

Mama mdogo alitoka nje, akajifanya anaanua nguo.

Asilimia alikaa wiki mbili. Alipika, akafua, akamchana mama yake nywele na kumfunga vifungo vya gauni. Kila alichofanya, mama alimwambia, "Ahsante sana, umejisumbua." Mgeni ndiye anayeambiwa hivyo. Asilimia alitamani atukanwe, walau ajue pa kuanzia kuomba radhi. Wateja walipopita kuuliza kama kazi imerudi, mama aliwaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili na kuwasifia mishono yake. Habari za binti mwenye akili hakumsimulia tena mtu.

Asubuhi ya kuondoka, Asilimia alisimama mlangoni na begi lake, akingoja kuulizwa atarudi lini. Mama alimfuata mpaka kizingitini.

"Nisamehe," akasema, akimnyooshea mkono. "Nakupa wa kushoto."