Mkutano Uliopandishwa Mlimani

Mwaka 1973, mkutano mkuu wa wakulima wa mboga ulivunjwa na kabichi. Ilirushwa kutoka nyuma ya ukumbi, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikatua kwenye meza kuu na kupindua jagi la maji juu ya hotuba ya mgeni rasmi. Mgeni huyo alikuwa akisoma tangu asubuhi, na wakati huo alikuwa amefika kwenye zao la pamba, ambalo hakuna hata mmoja kati ya watu wale wa milimani aliyewahi kulipanda.

Wanawake walioteremka kutoka milima ya Uluguru walijifunga khanga viunoni, wakabeba watoto wao mgongoni, wakatoka. Wanaume wakafuata. Ukumbi ule wa Mwembesongo, mjini Morogoro, ulibaki na viongozi, pamoja na harufu ya pilau ambayo wakulima hawakuionja, kwa kuwa ilikuwa imepangwa viongozi waanze kula.

Kesho yake Mzee Fransisko, mwenyekiti wa chama cha wakulima hao, alimwita katibu wake, Hidaya. Hidaya alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Alifika Morogoro kumfuata mumewe aliyekuwa fundi kiwandani, akapata kazi ya ukatibu kwa sababu alijua kupiga chapa na hakuogopa kusema. Hilo la pili ndilo Mzee Fransisko alilokuwa hajalisamehe.

"Panda huko juu," alimwambia. "Waambie umekuja kuchukua maoni yao kuhusu mkutano. Watasema tu, wale hawana breki. Wakishasema, niletee jina la aliyerusha."

"Mwenyekiti, nikienda kuchukua maoni, nitaleta maoni."

"Utaleta nilichokutuma. Ofisi hii haikujengwa Ujiji."

Hidaya alipanda lori mpaka Mlali, halafu akashika njia ya miguu. Huko juu hakupata makaribisho. Kila alipotaja chama, mazungumzo yalikatika. Mlango mmoja aliubisha, sauti ya mwanamume ikamjibu kutoka ndani kwamba mwenye nyumba hayupo. Watu wa milimani walikuwa wamezoea maafisa. Wakati wa mkoloni walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na mpaka leo mtu mwenye viatu akionekana anapanda, wazee huuliza safari hii anataka wachimbe nini.

Hatimaye alimkuta Martina, mama wa makamo, shambani kwake kwenye mteremko mkali kiasi kwamba Hidaya alilazimika kushika shina la mgomba asiteleze. Martina alikuwa anapalilia njegere. Watu wa kijiji kile walikuwa wakimsikiliza kuliko mjumbe wao wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja kumtafuta aliyerusha kabichi."

"Nimekuja kuuliza kwa nini ilirushwa."

Martina akanyooka, akaegemea jembe lake. "Wewe ulikuwa ukumbini. Ulikuwa umekaa mbele, unaandika. Hukuona?"

"Niliona. Nataka kusikia."

"Basi sikia. Mnatuita mjini siku ya gulio, tunaacha mboga zinaoza. Tunalala sokoni juu ya magunia, na watoto. Asubuhi tunakalishwa nyuma, tunasomewa pamba. Wazee wetu wakisema Kiluguru, mnacheka. Mtu akinyoosha mkono, mwenyekiti anasema muda umekwisha. Na yule Yunusi anayenunua mboga zetu, anayetuachia matenga barabarani yakaoza bila hata kututumia habari, yeye hamumwiti. Mnamwita nani? Mtu wa pamba!"

Alikuwa anapiga kelele sasa. Wanawake wa mashamba ya jirani waliacha kazi, wakasogea, na kila mmoja aliongeza la kwake. Hakuna aliyemwambia Hidaya akae. Walimzunguka pale mteremkoni wakamtukania chama, mwenyekiti, ukumbi, hata kofia ya mgeni rasmi, mpaka ukungu ukashuka na kulowesha nguo zao.

"Mnataka mkutano uweje?" Hidaya aliuliza walipopumua.

"Huku," alisema Martina. "Juu huku, siku isiyo ya gulio wala ya ibada. Wakubwa wapande kwa miguu yao. Yunusi awepo. Na sisi ndio tuulize." Akalishika jembe lake tena. "Aliyerusha kabichi ni mimi. Kamwambie mwenyekiti wako. Mwambie pia kwamba nilimlenga yeye, ila nilikosea."

Hidaya aliteremka akiwa na hasira nao wote, maana alikuwa ametukanwa kutwa nzima kwa makosa ambayo mengi hayakuwa yake. Lakini njia nzima hadi Mlali alitafuta neno moja la uongo katika waliyosema, asilione.

Kikao cha kamati kilikuwa kibaya. Hidaya aliwaeleza wajumbe yote aliyoyasikia, hata ya kofia. Mzee Fransisko alimwacha amalize, kisha akauliza, "Jina?"

"Nilitumwa maoni."

"Nakuuliza mara ya mwisho, Hidaya. Ni nani?"

"Mwenyekiti, ukipata jina utaadhibu mtu mmoja. Wote wamesema hawatakuja tena. Utafanya mkutano na viti."

"Mkutano wa chama ufanywe porini kama ngoma ya mavuno!" Mzee Fransisko aliwageukia wajumbe. "Mimi ni mzaliwa wa kule, ukoo wangu uko kule. Huyu ametoka ziwani huko, ndiye atufundishe Waluguru wanataka nini?"

Hakuna mjumbe aliyemwunga mkono mwenyekiti. Si kwamba walimpenda Hidaya. Walijua tu kwamba chama cha mboga kisicho na watu wa milimani ni chama cha maneno, na wakubwa wa mkoa wangeuliza. Mwishowe walikubali kwa shingo upande. Mzee Fransisko akasema sawa, upandishwe huo mkutano, na ukiharibika aliyeupandisha ajue pa kwenda.

Tangu siku hiyo Hidaya alifanya kazi peke yake. Mwenyekiti alimnyima gari, akamwagiza mpiga chapa mwingine asimsaidie. Yule mnunuzi, Yunusi, Hidaya alimkuta kwenye ghala lake Mwembesongo, anapakia vitunguu.

"Nipande mlimani nikatukanwe?" Yunusi alimwuliza. "Mimi mwendawazimu?"

"Usipopanda watakutukana vilevile, ila hutakuwepo kujibu."

"Wewe mama una maneno makali."

"Nimefundishwa na wanaokuuzia mboga."

Yunusi alimfukuza ghalani. Baadaye akatuma ujumbe kwamba atakuja, ila atakuja na lori lake, na likiguswa na jiwe asilaumiwe mtu.

Mkutano wa 1974 ulifanyika kwenye uwanja wa misheni, juu ya Mlali, pale barabara ya lori inapoishia. Hidaya hakuweka meza kuu. Alipanga mabenchi kwa duara, wageni katikati na wakulima wamewazunguka. Chakula kililiwa kwanza, na wote kwa pamoja, kutoka chungu kilekile: ugali, maharage na kabichi. Katekista alikaa karibu na wazee kutafsiri Kiluguru, na walipoanza kusema hakuna aliyecheka. Mzee Fransisko alifika na suti yake ya Kaunda imejaa vumbi. Akatafuta meza ya kuwekea mkoba, akaikosa. Alikaa nao mapajani siku nzima.

Wakulima walianza na afisa kilimo, mmoja wa wageni walioalikwa, kuhusu mbegu za karoti ambazo hazikuota. Alijaribu kusoma hotuba. Wakamwambia aikunje, aseme. Kisha wakamgeukia Yunusi.

"Matenga yangu ya nyanya ulinunua," Martina alisema akiwa amesimama. "Ukaniambia niyashushe barabarani. Hukuja. Kwa nini?"

"Soko la Dar lilijaa. Ningepeleka wapi?"

"Ungesema!"

"Niseme kwa nani? Kuna simu kwenye migomba yenu?"

"Kuna watu wanapanda kila siku kutoka hapo sokoni kwako! Umewahi kumpa hata mmoja ujumbe? Au sisi si watu wa kuambiwa?"

Yunusi akainuka, akaelekea kwenye lori. Vijana wakasimama njiani kwake. Kwa muda ilionekana kama watapigana. Hidaya alipita katikati yao, akamwambia Yunusi kwa sauti ya chini kwamba akiondoka leo, kesho mtu mwingine mwenye lori atakuja kukaa kwenye benchi lake. Yunusi akarudi. Alikaa, akajifuta jasho, akasema kwa kununa kwamba soko likijaa atatuma habari, na asipotuma hasara iwe yake. Wazee walimtaka ayarudie maneno hayo kwa sauti. Akayarudia.

Lilikuwa jambo la kwanza kuamuliwa katika mkutano wowote wa chama kile. Hidaya aliwatazama watu walivyokuwa wakigombea kusema. Alitamani mumewe angekuwepo aone.

Ajenda ya mwisho ilikuwa mengineyo, na wakulima walikuwa wameomba isiwekewe mipaka. Martina alisimama tena.

"Mimi nina neno juu ya katibu," alisema. "Mama huyu ametusikiliza. Alipanda, tukamtukana, akarudi. Sikatai. Lakini sisi tunasema Kiluguru, yeye anasubiri atafsiriwe. Akistaafu mumewe watarudi kwao. Kwa nini mdomo wetu uwe wa mtu wa kuazima? Nataka katibu atoke huku."

Uwanja uliguna, na mguno ule ulikuwa wa kukubali. Mzee Fransisko, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, aliinuka upesi.

"Hoja nzuri sana! Demokrasia hiyo. Tupige kura sasa hivi."

"Keti, mzee, sijamaliza," Martina alisema. "Nataka na mwenyekiti apigiwe kura."

Mzee Fransisko hakuketi. "Katiba hairuhusu! Hoja ya kumwondoa kiongozi lazima itangazwe mapema. Katibu, waeleze."

Ni kweli katiba ilisema hivyo. Hidaya ndiye aliyeipiga chapa. Angeweza kuisema, na wote wawili wangebaki na vyeo vyao. Alimtazama mwenyekiti, akaona kwa mara ya kwanza tangu amjue jinsi alivyokuwa akimhitaji.

"Katiba inasema hivyo," Hidaya alisema. "Lakini pia inasema mkutano mkuu ndio mkubwa kuliko wote, na mkutano ni hawa. Wakitaka kura, wapige."

Walinyoosha mikono. Aliyehesabu ni Hidaya mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyeaminiwa na pande zote. Alipita duara zima akihesabu mikono iliyomkataa. Mingine ilikuwa ya wanawake waliokula naye chungu kimoja mchana ule. Kura zilizomwondoa zilikuwa nyingi mno, hazikuhitaji kurudiwa. Kisha ikaja zamu ya mwenyekiti. Hapo ukoo wake ulisimama, pamoja na wakwe na wajukuu, na Mzee Fransisko akapona kwa kura chache. Katibu mpya akachaguliwa Martina.

Mzee Fransisko alimpita Hidaya akiwa anapangusa suti yake. "Nilikuambia," alisema. "Mimi nina ndugu hapa."

Jioni Hidaya alikaa mbele kwenye lori la Yunusi, akisubiri lijazwe mboga. Martina alikuja akasimama dirishani.

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana. Ungeniambia kabla. Nimekuandalia uwanja ili uniondoe kwa kura?"

"Ningekuambia, ungeufanya mkutano?"

Hidaya alifikiri. "Ningeufanya," alisema. "Ila nisingekula nanyi."

Martina aligonga mlango wa lori kwa kiganja, kumwashiria Yunusi aondoke, akarudi kwa watu wake.

Nyumbani mume wake alimwambia angeuacha mkutano ukumbini angekuwa bado na kazi. Hidaya alimjibu kwamba hilo analijua, na kwamba asilirudie tena. Hakulirudia.

Siku chache baadaye Mzee Fransisko alimtuma mtu kuchukua funguo za ofisi. Hidaya alizikatalia. Alituma jibu kwamba funguo za katibu hukabidhiwa katibu. Mwenyekiti akaja mwenyewe, akabisha hodi kwa ngumi, akatishia polisi. Majirani walitoka kutazama. Hidaya alisimama uani kwake, khanga kichwani, akamwambia alete polisi anaotaka.

Martina aliteremka kutoka mlimani siku ya gulio, tenga la karoti kichwani. Walikutana mbele ya ofisi, wote watatu, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa amekunja mikono mlangoni. Hidaya hakumsalimia. Alimpita, akamkabidhi Martina funguo mkononi.

"Hii ya mlango," alimweleza. "Hii ya kabati. Katiba iko humo ndani, isome kabla hujakaa naye kikao hata kimoja. Na usikubali akuandalie ajenda."

"Usipandikize fitina," Mzee Fransisko alisema.

"Sogea," Martina alimwambia, tenga likiwa bado kichwani. "Nataka kufungua."

Mzee Fransisko akasogea. Hidaya alisubiri mpaka kitasa kikazunguka, kisha akageuka akashika njia ya kurudi nyumbani.