Posa na Propela ya Mwalimu Mwinyijuma

Wanaume wengine wakienda kuposa huulizwa dini yao, kazi yao, na kama ukoo wao una wazimu. Mikdad, fundi magari wa Kerege, aliulizwa kama anaweza kutuliza gari.

"Likifika mwendo wa sabini bila kutetemeka," alisema Mwalimu Mwinyijuma, "barua yako ya posa nitaisoma. Likitetemeka, kaisome mwenyewe."

Haya! Miaka mitatu kijana wa watu anampenda Adila, binti pekee wa Mwalimu, na Adila keshasema hataki mwingine hata aje na ving'ora mbele. Kumbe hatima yao wote wawili iko chini ya bodi ya gari.

Na gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, la milango miwili, la mwaka sabini na mbili. Mwalimu alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge. Halikuwa na nafasi ya mbuzi wala ya gunia la muhogo. Lilikuwa na nafasi ya Mwalimu na majivuno yake. Mpaka hamsini lilikwenda shwari. Likigusa sabini, usukani unatetemeka, viti vinatetemeka, na kofia ya Mwalimu inashuka hadi kwenye miwani. Kwenda polepole barabara kuu huku bodaboda zikimpita aliona ni kudhalilika, kwa hiyo mwaka wa pili sasa alikuwa akizunguka Bagamoyo mjini tu, kama saa ya ukutani.

Mafundi walikuja. Wa kwanza alibadilisha matairi, wa pili akabadilisha shokapu, wa tatu, maskini, alibadilisha maelezo tu. Wote walifukuzwa kwa matusi ya kistaarabu. Jirani akasema ni husuda. Basi dua ikasomwa, ubani ukafukizwa mpaka ndani ya boneti. Gari likanukia vizuri na kutetemeka vilevile.

Mikdad hakugusa kitu kwanza. Alilipeleka barabarani, likafika sabini, akatoa gia na kuiacha injini ipumue. Mtetemo haukupungua hata chembe. Basi injini haina kosa, alijiambia, na matairi ni mapya. Akarudi, akaingia uvunguni kuitazama propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

Loo! Propela ilipakwa rangi ya fedha, inang'aa kuliko masinia ya harusi. Mikdad akaipapasa, na chini ya rangi vidole vyake vikakuta pahala pawili palipolainishwa kwa mashine. Hapo hukaa vipande vidogo vya chuma, vimechomelewa kiwandani ili propela izunguke sawasawa bila kuyumba. Mtu alikuwa amevikwangua vyote.

Adila alipomletea chai, Mikdad akamwuliza ni nani aliyevikwangua.

"Baba," alisema Adila. "Alisema ni viraka, kwamba Mgiriki kamwuzia gari lenye viraka kama kaptula ya mwanafunzi mvivu. Alikesha na grenda, ile mashine ya kusagia chuma, kisha akapaka rangi. Ilikuwa baada ya arobaini ya mama. Alikuwa anasafisha kila kitu, Mikdad, hata visivyo na uchafu."

Haya, nenda kamwambie baba mkwe kwamba mharibifu ni yeye. Mkwe huinamishiwa kichwa, hasomewi mashtaka.

Mikdad akafanya aliloweza. Alichukua klipu mbili za chuma, zile za kubania mipira ya rejeta, akazifunga kwenye propela ili uzito wake ushike nafasi ya vile vipande vilivyokwanguliwa. Akawa anazizungusha kidogo, anakwenda mpaka njia ya Kerege, anarudi, anazizungusha tena. Mara ya kwanza lilitetemeka mpaka akauma ulimi. Mara ya saba likafika themanini, kimya. Mikdad alicheka peke yake barabarani.

Lakini kila Jumamosi Mwalimu hutandika mkeka na kuingia uvunguni na kitambaa chake. Akiziona klipu zile atazing'oa, na posa itakwenda nazo. Ukweli ulihitaji mdomo wa mtu mwingine, na Waswahili mdomo huo wanao: mshenga. Ami zake Mikdad walikataa wote, kwa kuwa Mwalimu aliwahi kuwachapa shuleni. Akabaki shangazi yake, Bi Kibibi, ambaye hakusoma kwa Mwalimu wala hakumwogopa.

"Mwalimu, nimetumwa mawili," alisema Bi Kibibi hata kabla hajakaa vizuri. Mikdad alikuwa amesimama nyuma ya gari, jasho linamtoka. "Barua hii hapa. La pili, gari umeliharibu mwenyewe, kwa mkono wako na grenda yako. Ulivyovikwangua si viraka, ni mizani yake."

"Nani kasema?"

"Mjumbe hauawi. Washa gari twende."

Wakaenda, wakapita sabini kofia imetulia kichwani, wakarudi. Mwalimu akashuka, akatandika mkeka, akaingia uvunguni na kanzu yake nyeupe. Ikaonekana miguu tu.

"Klipu mbaya mno," ilisema sauti ya chini.

"Mbaya," alikubali Bi Kibibi, "lakini zimelituliza. Zing'oe, utetemeke kwa uzuri."

Kisha sauti ikaja tena, na safari hii haikuwa ya mwalimu wa mtu yeyote.

"Niliweka sharti lile nikijua hakuna atakayeweza. Adila akiondoka, nyumba hii nakaa na nani?"

Mikdad akasahau desturi, akachuchumaa karibu na ile miguu.

"Kerege si mbali, baba."

"Litafika?"

"Litafika."

"Kila Ijumaa?"

"Hata kila siku," alisema Mikdad, kwa moyo mweupe kabisa. Bi Kibibi akafumba macho.

Miguu ikawaza kidogo.

"Chumba cha wageni unacho?"

Mikdad alikuja kuposa mmoja, amepewa wawili.