Kikombe cha Pikipiki

Nilifika Kotile nikiwa nimeshaamua kukataa. Nilikuwa hata nimemchukua fundi wa kunisaidia kukataa, maana hasira zangu ziko karibu, na mjane aliyemaliza eda juzi hastahili kuzionja.

Mjane mwenyewe ni habaryar Barwaqo, dada mdogo wa mama yangu. Mumewe, Alio, alichanja mbuzi wa Ijara kwa miaka ishirini na minane juu ya pikipiki moja ndogo ya Kijapani, tustroki, zile za zamani ambazo injini yake hunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi mweupe. Sasa kazi ya Alio nimepewa mimi. Naanza Jumatatu, na sharti ni kwamba kila mtu ajitafutie usafiri. Nikishindwa kufika malishoni, mpaka yale ya Hulugho, anapewa mwingine.

Watu wa bodaboda wamenichosha. Wakifika kwenye mchanga mwingi wanagoma, kisha wananiuliza kama mume wangu anajua niliko. Sina mume. Nina sanduku la chanjo lenye barafu inayoyeyuka.

"Pikipiki ukiitaka, njoo uichukue," habaryar alikuwa amenipigia simu. "Usipoitaka, Jumamosi lori la vyuma vikuukuu linapita."

Siku niliyofika ilikuwa Alhamisi. Alitupa chai ya maziwa ya ngamia, mimi na fundi Komora, Mpokomo mwenye gereji Masalani, katika vikombe vyake vya maua mekundu. Yeye alikunywa kwenye kopo. Tangu utoto wangu namwona na kopo lile. Wageni wakitimia sita, wa mwisho hupewa glasi, na mama yangu hakuacha kumcheka dada yake kwa uvivu wa kununua vyombo.

Kisha akafunua shuka.

Nilitegemea kuona takataka. Tangi la buluu lilikuwa limepauka, lakini halikuwa na kutu hata kidogo. Kiti kilishonwa upya kwa ngozi ya mbuzi, mishono midogo iliyopangika. Magurudumu yalikuwa juu ya vipande vya mbao yasiguse mchanga. Ubavuni mwa tangi Alio alikuwa amechora alama wanayochomwa ngamia wa ukoo wake, ili hata pikipiki ijulikane ni ya nani. Ilikuwa nzuri, na nilichukia kwamba ilikuwa nzuri.

Komora aliizunguka mara tatu akitafuta kasoro. "Imetunzwa," alikubali, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lakini Siham, spea zake utazipata wapi? Na siku hizi nani anachanganya oili? Utaishiwa huko porini, ununue petroli ya chupa dukani, utie kavukavu, injini ikwame. Hapo huna pikipiki, una mzigo."

Nilikuwa nimekuja na jerikani mbili za lita tano. Nikafungua moja, nikaielekeza kwenye tangi ili tuijaribu.

Habaryar alinidaka mkono kwa nguvu hata petroli ikanimwagikia kiatuni. "Unataka kuiua mbele yangu?"

Komora akacheka. "Nimesema nini? Hata haijawaka, imeshaponea chupuchupu."

Niliona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira upesi. Nikafungua mdomo kusema kwamba basi, lori liichukue. Lakini habaryar alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na kopo la oili na kikombe. Kikombe cha maua mekundu, maua yenyewe yamefifia, mkono umevunjika. Alikijaza oili, akaimimina kwenye jerikani, akafunga, akaitikisa kama anavyotikisa maziwa ya siagi.

"Kikombe kimoja, lita tano," alisema.

Komora alihesabu kwa midomo. "Ni sawasawa kabisa," akasema taratibu.

Petroli ikaingia tangini. Komora akapiga kiki. Akapiga tena, akapiga mpaka shati likamganda mgongoni, akaanza kuitukana.

Kwa Kisomali habaryar husema maneno machache. Kwa Kiswahili hana breki. "Wewe fundi, wacha kubiga-biga! Bikibiki iko na masikio, inasikia matusi yako. Toka hapo."

Alifungua koki ya petroli ambayo bingwa wetu hakuigusa, akavuta choki, akaikanyaga kiki polepole mara mbili bila haraka, kisha akakanyaga mara ya tatu kwa uzito wake wote.

Ikawaka! Moshi mweupe ulitufunika, mbuzi wakatawanyika, na mlio ule mwembamba wa utotoni mwangu, ule tulioukimbilia tukijua mjomba Alio amerudi, ukajaa boma zima. Nikajikuta nacheka na machozi yananitoka.

"Mama, nani amekufundisha?" Komora aliuliza.

"Alio najua kubanda tu," alijibu. "Kuchanganya hajui. Mara ya kwanza ametia kavu, imekwama, ametembea siku mbili. Kutoka siku hiyo, mimi."

Miaka ishirini na minane, kila alfajiri ya safari. Watu wote wa Ijara walimsifu Alio kwa pikipiki isiyokufa, nami nilikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyeuliza kikombe cha sita kilikwenda wapi.

Niliiendesha hadi kisimani na kurudi. Ilikuwa nyepesi, ikipita kwenye mchanga ambako bodaboda huzama, na wazee waliokuwa wakinywesha ngamia wakasimama kuitazama. Niliporudi sikuwa na neno la kukataa.

"Sikupi moja kwa moja," habaryar aliniambia kwa lugha yetu. "Nakupa irmaansi."

Kwetu, aliyeishiwa maziwa hupewa na nduguye ngamia anayekamwa. Anamlisha na kumtunza. Maziwa ni yake, ngamia si wake, na akikauka anamrudisha kwa mwenyewe. Sipendi kabisa kuwa chini ya fadhila za ndugu. Nikasema nimekubali.

Ufunguo alinipa bila kusita. Kikombe alikifuta kwa mtandio, akakifuta tena, akabaki amekishika. Ndipo nilipoona haya hasa. Kotile yote ilimpa pole ya mume. Hakuna aliyempa pole ya kazi.

"Kikombe kibaki," nilisema. "Mimi najijua, nitasahau. Kila Alhamisi nitakuletea jerikani mbili, uchanganye wewe."

Komora akageuka kutazama mbuzi. Habaryar alivuta ile jerikani ya pili, akainua kikombe usawa wa macho, akamimina oili polepole mpaka ukingoni, tone lisimwagike.

"Tatu," alisema. "Lete tatu. Hulugho ni mbali."